Anayelia mkekani asiguswe bila kuulizwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niongeze neno juu ya jambo ambalo wasomaji wawili wamelijadili humu kwa ukali, nalo ni hili la watu wanaoangua kilio katikati ya mazoezi ya yoga. Mmoja aliandika kwamba machozi hayo ni dalili ya pepo waliochokozwa, akawataka waumini wakae mbali na mikeka hiyo. Mwingine, ambaye kwa maneno yake nadhani ni mwalimu wa yoga, alimjibu kwamba machozi hayo ndiyo uponyaji wenyewe, kwa kuwa huzuni ya miaka mingi hujificha kwenye nyonga na hutoka pale nyonga zinapofunguliwa. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na mimi mwenyewe nimewahi kulia mkekani, mbele ya darasa zima. Siwezi kukubaliana na yeyote kati yao, lakini yule wa pili ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu hulala sakafuni na kufumba macho mbele yake kwa kumwamini.

Nilikulia katika kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Kiacholi, Kilugbara, Kiteso na Kiganda tulipopanga foleni kwenye bomba la maji. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 9. Siku zile za mwanzo wa Aprili, kabla majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nayo hayajaitwaa Kampala tarehe 11, mizinga ilikuwa ikisikika, nasi watoto wanne tuliingizwa chini ya kitanda cha chuma, tukalala chali tumebanana, macho yakitazama springi na gunia lililotandikwa chini ya godoro. Mama alikuwa akinong'ona maneno yaleyale: "Pumueni polepole. Asilie mtu." Na kweli hakulia mtu.

Baada ya kustaafu, mgongo ulinisumbua, kama unavyowasumbua wauguzi wengi waliotumia ujana wao kuinua wagonjwa, nikashauriwa nifanye mazoezi mepesi. Nikajiunga na darasa la yoga la Jumamosi katika ukumbi wa kukodi usio mbali na Ntinda. Tulikuwa watu 15, nusu yetu wakiwa wenzetu waliotoka Kongo, ndiyo maana mwalimu hufundisha kwa Kiswahili. Mwishoni mwa somo, kama ilivyo desturi, tulilala chali katika mkao ambao kwa Kisanskriti huitwa shavasana, yaani mkao wa maiti, mikono ikiwa kando na viganja vikitazama juu. Taa ikazimwa. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Pumueni polepole." Machozi yakaanza kunitoka, yakashuka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, nami sikuwa na huzuni yoyote ambayo ningeweza kuitaja. Ilikuwa jioni, nikiwa jikoni namenya matoke, ndipo nilipokumbuka springi za kile kitanda.

Ninachotaka wasomaji wakione hapa ni kwamba kilichoniliza hakikutoka kwenye nyonga. Siku hiyo hatukugusa kabisa mazoezi ya nyonga. Kilichoniliza ni sakafu ya saruji, giza, kulala chali kati ya miili mingine, na amri ya kupumua polepole iliyotamkwa kwa maneno yaleyale ya mama, isipokuwa safari hii hakuna aliyenikataza kulia. Kumbukumbu huamka inapokutana tena na mazingira yaliyoizaa, na hilo analijua kila mtu aliyewahi kunusa moshi wa kuni akamkumbuka bibi yake.

Kuhusu mwili wenyewe, niseme ninachokijua. Tunapotoa pumzi taratibu, upande wa mfumo wa neva unaotuliza mwili hupata nguvu, mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea. Na ni upande huohuo unaoziamrisha tezi za machozi. Mtu aliyejikaza tangu Jumatatu, akihesabu karo za watoto na kodi ya nyumba, akilegezwa ghafla siku ya Jumamosi anaweza kulia bila msiba wowote, kama vile mwingine anavyosinzia au kucheka. Msuli mkubwa wa ndani unaotoka kwenye pingili za kiuno na kushuka hadi kwenye paja, ambao walimu wengi huutaja kama ghala la huzuni, kazi yake ni kuinua paja, na ni kweli kwamba tunapojikunyata kwa hofu nao hukaza. Lakini hakuna daktari aliyeufungua akaikuta huzuni ya mtu ndani yake. Kiswahili chenyewe, kama tungekisikiliza, kinaiweka chuki iliyofichwa kwenye nyongo, ndiyo maana tukaiita kinyongo, na huzuni kinaiweka kooni kama donge na moyoni kama fundo. Nyonga sijapata kuisikia. Hiyo ni mifano ya lugha, mizuri sana, ila mfano wa lugha haumpi mtu ruhusa ya kukandamiza paja la mwenzake akisema anamtoa sumu.

Kwa ndugu yangu aliyeandika habari za pepo nina maelezo mafupi, kwa kuwa jambo analolihofia nimeliona wodini mara nyingi. Mtu anayepumua kwa kasi, iwe kwa hofu, kwa kwikwi za kilio, au kwa sababu ameelekezwa kufanya zoezi la pumzi za haraka kama bhastrika, hutoa hewa ukaa kupita kiasi. Hali ya damu hubadilika kidogo, ganzi huingia midomoni na vidoleni, na vidole vya mikono hukakamaa na kujikunja. Asiyejua huona kucha za ndege. Nimewapokea wasichana wa namna hiyo wakiwa wameshikiliwa na watu wazima sita, na kadiri walivyoshikiliwa ndivyo walivyozidi kuhema. Tiba yake ni kuwaondoa wanaomshikilia, kumketisha, kumwomba afumbue macho na ataje vitu anavyoviona mbele yake, kisha kutoa pumzi pamoja naye pole kwa pole mpaka vidole vifunguke vyenyewe. Ule mfuko wa karatasi tuliofundishwa zamani kuwawekea mdomoni haushauriwi tena. Sina ugomvi na sala; nami husali. Naomba tu isaliwe baada ya vidole kufunguka.

Sasa nirudi kwa walimu, kwa sababu wao ndio walionifanya nishike kalamu. Siku ile nilipolia, mwalimu alikuja akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja chake juu ya kifua changu bila kusema neno, kisha akawaambia wenzangu wafumbue macho waone namna mwili unavyotua mzigo. Baadhi walipiga makofi. Alifanya hivyo kwa wema, sina shaka, na mimi ni mtu mzima niliyezoea mengi. Lakini nililala pale nikijisikia kama mgonjwa anayeonyeshwa kwa wanafunzi bila ridhaa yake, na kwa wiki mbili sikurudi darasani. Niliporudi niligundua kwamba kilio changu kimekuwa kipimo. Wanawake walikuwa wakiulizana nani ameshalia na nani bado, na mmoja aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba huenda yeye mwili wake ni mgumu kwa sababu amehudhuria miezi minne bila kudondosha chozi.

Kisha likatokea la binti mmoja, ambaye sitasema lolote la kumtambulisha zaidi ya kwamba alikimbia vita huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Alikuwa ameinama na paji la uso liko mkekani, katika ule mkao unaoitwa wa mtoto, mwalimu akamjia kwa nyuma na kumkandamiza kiunoni ili ashuke zaidi, kama anavyotufanyia wote. Binti alipiga ukelele, akatetemeka, akakaa kimya macho yakiwa wazi kama haoni kitu, na mwalimu akatutangazia kwa furaha kwamba ameachilia. Nilitoka naye nje, tukakaa kwenye ngazi mpaka mikono yake ikapata joto. Akaniambia, "Mama, mimi sikulia. Mimi niliogopa." Hakurudi tena, na mimi simlaumu.

Maneno yake ndiyo kiini cha barua hii. Katika nchi ambayo watu wa kaskazini waliishi kwa takriban miaka 20 chini ya vita vya waasi wa Joseph Kony, na ambayo imewapokea wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini kwa wingi, mwalimu hawezi kudhani kwamba kila mwili ulio mkekani umeletwa na uchovu wa ofisini. Kati ya kulia kwa sababu umelegea na kutetemeka kwa sababu umerudishwa mahali ulipoumizwa pana tofauti kubwa, na kwa mtazamaji aliyesimama juu yako hali hizo mbili zaweza kufanana. Anayeijua tofauti ni mwenye mwili, kwa hiyo ni lazima aulizwe, tena aulizwe kabla.

Wala sipingi kwamba yoga inaweza kuwafaa watu walioumia. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha huko Marekani utafiti juu ya wanawake 64 wenye athari za muda mrefu za ukatili ambao matibabu ya awali hayakuwa yamewatosha. Kundi moja lilihudhuria yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 10, na jingine lilipewa mafunzo ya afya ya wanawake. Waliofanya yoga walipata nafuu zaidi. Utafiti huo ni mdogo, lakini wenye haraka ya kuutaja huacha jambo moja. Yoga iliyofundishwa pale ilikuwa ya kumrudishia mtu uamuzi juu ya mwili wake, na nafuu haikupimwa kwa wingi wa machozi. Hata mafundisho ya kale yanayonasibishwa na Patanjali, mwalimu wa yoga wa India ya kale, yanaieleza yoga kuwa ni kutuliza misukosuko ya akili. Kilio hakikuahidiwa humo.

Na hapa kwetu hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, ambako wanakijiji wenyewe waliyaeleza maradhi ya sonona kwa maneno yao ya Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Walikutanishwa katika vikundi, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, wakiongozwa na watu wa maeneo yaleyale waliopewa mafunzo, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na sonona ilipungua sana. Wiki 16 za kuketi na watu wanaokujua kwa jina ni kitu kingine kabisa kuliko chozi moja la Jumamosi linaloshangiliwa na kusahaulika kabla mikeka haijakunjwa. Mwalimu wa yoga halazimiki kuwa mganga wa nafsi. Anachopaswa kujua ni mahali pa kumwelekeza mtu ambaye usingizi umempotea baada ya darasa au anayeanza kuona tena mambo ya zamani mchana kweupe: hospitali zetu za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, hospitali yetu ya taifa ya magonjwa ya akili, iko palepale tangu 1955, ingawa wengi wetu bado tunalitamka jina lake kama tusi.

Kila tarehe 21 Juni, tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga siku hiyo kwa ajili ya yoga kwa azimio la mwaka 2014, mikeka hutandikwa hadharani hapa Kampala pia, na watu wapya hujitokeza kwa wingi. Watu hao waambiwe kabla ya kulala chini kwamba machozi yanaweza kuja au yasije, kwamba kufumba macho si sharti, kwamba anayetaka kukaa karibu na mlango akae, na kwamba hakuna atakayeguswa pasipo ridhaa. Kwetu tumepata njia isiyogharimu kitu. Nilizungumza na mwalimu wetu, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri zaidi, naye alinisikiliza kwa unyenyekevu ambao sikuutarajia. Sasa kila mmoja hupewa kizibo cha soda na kukiweka mbele ya mkeka wake: kikilala meno chini, mwalimu anaweza kumrekebisha mwenye mkeka kwa mkono; kikiwa meno juu, amwelekeze kwa maneno tu. Mwenye mkeka anaweza kukigeuza wakati wowote, na hakuna anayeuliza sababu. Jumamosi iliyopita vizibo 9 kati ya 15 vilikuwa meno juu, kimoja wapo kikiwa changu.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Ntinda, Kampala