Barua ya wazi kwa Mjomba: Krajicek hakubahatisha

Mjomba shikamoo.

Voisi yako ya juzi kwenye grupu la ukoo nimeisikiliza mara tatu, ile ndefu uliyorekodi kuku wanalia nyuma, nikajizuia nisijibu palepale maana Mama mkubwa yumo mle na mtu mzima hajibiwi mbele za watu. Ndo nakuandikia huku. Najua huku ni peupe zaidi kuliko grupu, ila Mama mkubwa huku haingii.

Umesema Richard Krajicek, yule mcheza tenisi wa Uholanzi, kubeba taji la Wimbledon la 1996 ilikuwa bahati ya mtende. Ukasema mvua ilimbeba, fainali akapewa mtu mwepesi, ukamalizia na kile kicheko chako, "kwani kingine alichukua nini?" Naanza na mvua kwa sababu hapo angalau una kapointi.

Kweli ilinyesha. Robo fainali yake na Pete Sampras ilikatizwa mpaka watu wa Centre Court, ule uwanja mkuu wa Wimbledon, wakawa wanaimbiwa na mwanamuziki Cliff Richard, mzee wa watu alikuja kuangalia mechi kama wengine akashikishwa maiki, nyuma yake mabingwa wa zamani kina Martina Navratilova na Virginia Wade wanaitikia. Watu wanaikumbuka ile shoo kuliko mechi yenyewe, na mi hapo ndo panaponiuma. Mjomba, mvua inawanyeshea wote wawili. Ilipoacha Mholanzi akashinda seti tatu bila kuachia hata moja, 7-5, 7-6, 6-4, na aliyekuwa upande wa pili sio mtu wa kuokotwa, ni bingwa wa 1993, 1994 na 1995 ambaye akaja kulibeba tena kuanzia 1997 mpaka 2000 bila kupumzika. Yaani miaka minane yote ile pale Wimbledon aliyemfunga Sampras ni mtu mmoja tu, huyohuyo unayesema kabahatisha.

Sasa nikukumbushe kitu cha kwako mwenyewe. Nina miaka tisa, tuko nyuma ya lile godauni, umechora mstari kwa mkaa ukutani, raketi ni ile ya mbao ambayo nyuzi mbili zilikatika ukaziunga kwa mshipi wa kuvulia, na mpira umenyonyoka manyoya mpaka umekuwa kama kiazi. Nimerusha mpira juu, nimeukosa, nimerusha tena, nimeukosa, nikaanza kulalamika upepo. Ukanishika mkono ukasema mapigo mengine yote kwenye tenisi unamsubiri mwenzio akuletee mpira, ila sevu, lile pigo la kuanzisha pointi, hakuletei mtu, ni yako peke yako, ukiikosea usitafute mchawi. Haya, na anayeipatia wiki mbili mfululizo tumwite mwenye bahati? Wewe wa kusema hivyo kweli?

Maana yule bwana alikuwa sevu. Urefu mita 1.96, kitu kinashuka kutoka juu kama jiwe la manati, na kwenye nyasi mpira hauruki sana, unateleza chini, kwa hiyo ukichelewa nukta moja umeshapita. Na akishapiga hakai nyuma, anaufuata mbele kwenye neti. Ukimrudishia kwa shida unamkuta kashafika, anasubiri.

Nakubali hakupangwa kwenye wale wa ubora, wale vigogo wanaotenganishwa kwenye droo wasikutane mapema, aliingizwa kwenye nafasi ya Thomas Muster aliyejitoa, na miaka miwili ya nyuma alitolewa raundi ya kwanza. Lakini njiani alimtoa Michael Stich, bingwa wa 1991. Na huyo "mwepesi" wako wa fainali, MaliVai Washington, nusu fainali alikuwa nyuma 1-5 kwenye seti ya tano dhidi ya Todd Martin akageuza akashinda 10-8, mwepesi anafanya hivyo? Fainali yenyewe ikaisha 6-3, 6-4, 6-3. (Kabla ya mechi wakiwa wanapigwa picha kwenye neti akakatiza dada mmoja amevaa aproni tu, wote wawili wakabaki wanacheka. Hiyo usimwonyeshe Mama mkubwa.)

Umeuliza alichukua nini kingine. Mataji 17 ya singo, yaani mmoja kwa mmoja. Rotterdam kwao alikozaliwa, kwa wazazi waliohamia kutoka Czechoslovakia, alibeba 1995 na 1997. Miami 1999, na mwaka huohuo akafika namba 4 duniani. Na mpaka wanaachana, yeye na Sampras walikuwa 6-4, mechi sita kashinda Mholanzi. Uholanzi haijapata mwanaume mwingine wa kubeba Grand Slam ya singo, yale mashindano manne makubwa ya mwaka, mpaka leo.

Sisemi alikuwa malaika. 1992 alisema asilimia 80 ya wachezaji wanawake wa mia bora ni nguruwe wavivu wanene, watu walipokuja juu akasahihisha, eti alimaanisha asilimia 75. Shangazi akisikia jina lake anabadilisha chaneli, na simlaumu.

Ila kama unataka kuzungumzia bahati tuzungumzie ile mbaya. Magoti yalimsumbua karibu maisha yake yote ya uwanjani. Nusu fainali ya Wimbledon 1998 akafungwa na Ivanisevic 15-13 seti ya tano. Robo fainali ya US Open 1999 akampiga Kafelnikov esi 49, mipira 49 ambayo mwenzio haigusi, kwa hesabu ya pointi nne nne hizo ni gemu 12 na chenji, na bado akapoteza mechi kwa taibreka ya mwisho, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6. Halafu kiwiko kikafa, kiwiko cha ile sevu yenyewe, akapasuliwa, akakaa nje miezi 20 hivi. Akarudi 2002 akaenda Wimbledon akafika robo fainali, akimtoa James Blake 11-9 seti ya tano na miguu ile, akatolewa na Malisse seti ya tano tena, 9-7. Mwaka uliofuata akatundika raketi. Siku hizi ndo mkurugenzi wa mashindano ya Rotterdam, na taasisi yake imejenga viwanja zaidi ya mia vya watoto kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini.

Kuna moja tu siwezi kumtetea. US Open 2000, robo fainali, na Sampras tena, kashinda seti ya kwanza, taibreka ya pili anaongoza 6-2, pointi nne mkononi, akaziachia zote. Jumapili nakuja na laptopu tuiangalie pamoja. Hiyo nakuachia ucheke unavyotaka, ila uniwekee ile chai yako ya tangawizi, na kama lile raketi bado lipo usilitupe.

Mpwa wako.