Alama zangu ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Jumatatu moja asubuhi nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni, gundi bado mbichi: shefu wa biro mpya, yaani mkuu wa ofisi, amepatikana. Ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kujaza daftari la barua. Akikosea tarehe, tulikwangua wino pamoja kwa wembe. Simchukii. Ana bidii, na siku ile alishindwa kunitazama machoni.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyejua kuwa nafasi iko wazi. Hatukuona tangazo, hatukuitwa, hatukuulizwa. Nina miaka 19 katika ofisi hii ya serikali hapa Lubumbashi. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayowahusu watumishi wa serikali, inataka kazi ya kila mtumishi ipewe alama, na alama hizo zina uzito katika kupandishwa cheo. Karatasi yangu ya mwisho ya alama niliitia sahihi ikiwa tupu. Niliambiwa, "Tutajaza baadaye, mama." Nilikosea kukubali, nakiri. Lakini mbele ya mkubwa wako wa kazi, utakataaje?

Pengine kijana yule alinishinda kweli. Basi nionyeshwe alama zake na zangu, nami nitampa mkono wa pongezi. Niliandika kuomba hivyo, barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Hii ni wiki ya sita.

Wenzangu mlio katika ofisi nyingine za jimbo letu la Haut-Katanga, ninyi huonyeshwa karatasi zenu?

Mama mtumishi,
Katuba, Lubumbashi