Jina halikutoka, na sababu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya vijana wetu wanaoomba kusomea uuguzi na kukosa. Sina ugomvi na kukataliwa, maana chuo kina haki ya kuchagua. Ninacholalamikia ni kijana kukataliwa bila ya kuambiwa kwa nini, kisha akaachiwa mtaa umjibu.

Mimi nasomesha Baiolojia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Majina yanapotoka, waliochaguliwa hunipigia simu. Waliokosa huja wenyewe nyumbani, wakanionesha orodha ileile niliyokwisha kuiona, kama kwamba nikiisoma mimi jina litatokea. Orodha hiyo ina walioingia tu. Aliyebaki nje hapati barua wala ujumbe wa simu, na ada ya maombi ameshalipa.

Nitoe mfano wa binti mmoja niliyemsomesha. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa hivi: Dini A, Kiswahili B, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia F, na mengine hakufaulu. Nyumbani walihesabu wakaona amefaulu masomo manne, na tangazo la chuo lilitaka manne. Wakaanza kutafuta nauli ya boti na godoro. Hakuna aliyewaambia kwamba, kwa mwongozo wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, somo la dini halimo katika hayo manne. Wala kwamba Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo zote tatu. Kwa hesabu ya chuo binti huyu alikuwa na masomo matatu, na Fizikia hana. Huku kwetu, ambako watoto wengi alama zao nzuri kabisa ni za Dini, kosa hili la hesabu nimelikuta katika nyumba nyingi.

Sasa sikiliza alivyofasiriwa. Jirani alisema hana mtu chuoni. Mwengine akasema nafasi hizo hugaiwa kwa kujuana na kwamba watoto wa shamba hujaza fomu bure. Mjomba wake, kwa nia njema, akapata kishoka mjini aliyedai anaweza kulipenyeza jina kwa laki tatu. Binti mwenyewe aliamini kuwa yeye ni mjinga. Hakuna hata mmoja aliyetaja Fizikia.

Hapo ndipo chuo kinapojidhuru chenyewe. Kilikuwa na sababu safi kabisa, ya kuandikika kwa mstari mmoja, kikanyamaza, na kimya hicho kikajazwa na maneno ya upendeleo. Kishoka naye anaishi kwa kimya hicho. Angemuuzia nani nafasi, lau mjomba angejua kuwa kinachokosekana ni D ya Fizikia?

Tena kuna suala la wakati, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Majina ya vyuo hutoka karibu na Septemba. Anayegundua Septemba kwamba lazima arudie mtihani wa Fizikia, hukuta usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa mtihani wa Novemba umefungwa kitambo. Basi hungoja usajili wa mwaka unaofuata, afanye mtihani Novemba ya mwaka huo, apate matokeo Januari nyengine, ndipo aombe upya. Ni miaka miwili ya ujana imekwenda, na F ile ilikuwa inaonekana kwenye matokeo tangu siku ya kwanza. Angesomewa cheti chake Januari ileile, angejisajili mapema, na Septemba asingekuwa na cha kulilia.

Wapo wengine ambao kasoro yao iko kwenye karatasi tu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamis, cha mtihani kinasema Khamis, au jina la babu limo upande mmoja na upande wa pili halimo. Hawa wangeambiwa, wangerekebisha na kuomba tena awamu ya pili inapofunguliwa.

Wa tatu ndio wenye uchungu wa haki: sifa wanazo, nafasi zimejaa. Mzazi mmoja aliniuliza, kila siku tunasikia wauguzi hawatoshi, mbona mwanangu anakataliwa? Swali hilo si la kubezwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa dunia nzima ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9. Lakini muuguzi hafundishwi darasani peke yake. Katika miaka mitatu ya stashahada lazima aingie wodini, Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee kule Mkoani au kwengineko, apime, afunge vidonda, azalishe huku akisimamiwa na mwenye ujuzi. Mama aliye katika uchungu hawezi kuzungukwa na darasa zima. Kwa hiyo kila chuo huwekewa kiwango cha wanafunzi, na aliye chini ya mstari hubaki nje hata kama anafaa. Kijana wa namna hii akiambiwa "umetimiza sifa, nafasi zimekwisha", atalala na huzuni lakini hatajiona hafai. Anaweza kuomba tena, ama kujaribu vyuo vya Bara, ambako kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET.

Na sisi wa nyumbani tuna letu. Mtoto hajamaliza hata kulia, tumeshamwambia si riziki yake. Sikatai kadari, ni Muislamu na naiamini. Lakini neno hilo likitangulia siku ileile huifunga kesi ambayo haijasikilizwa. Kwa wasichana huwa na mkia: wiki chache baadaye anatajwa mchumba, kwa kuwa "masomo yamekataa". Ni chuo kimoja kilichokataa, mwaka mmoja. Mwacheni alie siku zake, msimpeleke harusini kuulizwa na kila shangazi kama jina limetoka, kisha kaeni naye na cheti mezani.

Wengi huwashauri vijana hawa wakajitolee kituo cha afya. Ushauri mzuri, ila tusiwadanganye. Kujitolea kutamsaidia kujua kama anaiweza harufu ya wodi na zamu ya usiku, na wapo waliotoka huko wakasema hii si kazi yangu, wakashukuru. Lakini chuo kinachagua kwa alama. F haiondoki kwa kufagia korido ya spitali. Inaondoka kwa tuisheni na kurudi kwenye mtihani.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Namba ya simu ya kila muombaji mnayo, na kila fomu mnayoiweka kando mnajua mmeiweka kando kwa nini. Mtumieni ujumbe mfupi: hukutimiza sifa katika somo fulani, au nafasi zimejaa, au fomu ina kasoro hii. Gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya ada ya maombi mliyoipokea.

Kwa walimu wakuu na walimu wenzetu, naomba tusingoje vyuo. Matokeo yakitoka Januari, kila skuli iwaite wanaotaka afya, mmoja mmoja, mzazi akiwepo. Hapa kwetu mimi na mwenzangu wa Fizikia tunafanya hivyo katika maabara, Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kuanzia wiki matokeo yanapotoka hadi usajili unapofungwa. Anayetaka kusomewa cheti aje na nakala ya matokeo na cheti cha kuzaliwa. Si lazima awe amesoma kwetu, na hakuna malipo.

Mwalimu wa Baiolojia,
Wete, Pemba