Yah: Malalamiko kuhusu kifaa cha kuriampu magitaa na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

2 Juni 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Naandika kwa heshima, ingawa dukani kwenu mimi heshima sikuipata.

Kifaa cha kuigiza amplifaya nilichonunua kwenu Jumamosi ya tarehe 12 Aprili kwa shilingi 3,850,000 hakiriampu. Risiti ya EFD ninayo. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, sioni haja ya kuwasomea. Naomba mnibadilishie kifaa hicho kwa kingine kipya cha aina ileile ndani ya siku 14.

Tatizo ni hili. Traki zangu za gitaa zimerekodiwa kavu, yaani waya umetoka gitaani moja kwa moja hadi kwenye kadi ya sauti, bila amplifaya wala mwangwi. Kuriampu ni kuichukua sauti hiyo kavu baadaye, kuipitisha kwenye amplifaya unayoitaka, kisha kuirekodi upya ikiwa imeshavaa. Kifaa hiki kinatakiwa kuifanya kazi hiyo kwa waya mmoja tu wa USB: sauti inatoka kwenye kompyuta, inapita ndani ya kifaa, inarudi. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba nakitaka kwa kazi hiyo na si nyingine. Akanijibu, "Kaka, hapa huhitaji hata kisanduku cha kuriampu, kila kitu kimo humuhumu." Nikalipa.

Sauti inarudi na mipasuko. Kwenye dakika ya pili na sekunde ya 14, pale solo inapopanda na noti moja inashikiliwa, unasikia tk, tk-tk, kama bisi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikirudia, mipasuko inahamia mahali pengine. Ingekuwa imo kwenye rekodi ingekaa palepale, na ile traki kavu nikiisikiliza peke yake ni safi kabisa. Nimebadilisha waya mara tatu. Nimejaribu laptopu mbili. Kifaa na programu ya kurekodia vyote nimeviweka kwenye 48,000 Hz, na bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huishika kabla ya kuicheza, nimeipandisha kutoka sampuli 128 hadi 1,024. Mipasuko ipo vilevile.

Jumatatu ya tarehe 5 Mei nikakileta. Nilikuja na laptopu yangu na waya wangu ili fundi wenu asipate taabu. Alichukua gitaa la dukani, akalichomeka kwenye tundu la mbele, akakwangua nyuzi mara mbili, akasema, "Mbona inalia?" Nikamwambia tundu la mbele halina shida, shida iko kwenye njia ya USB, naomba nimwonyeshe. Nikachomeka laptopu, nikaiwasha ile solo. Ilikuwa haijafika hata kwenye mipasuko. Fundi akaitazama kaunta, akaitazama mikono yangu, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Sasa gitaa liko wapi? Mpigaji yuko wapi?" Wateja wakacheka. Wauzaji wenu wawili nao wakacheka. Akauchomoa waya muziki ukiwa unaendelea, akausukuma upande wangu, akasema nijifunze kwanza kukitumia ndipo nije kulalamika.

Nilikiacha kwa sababu alisema waranti haisikilizwi bila kifaa kubaki. Kilikaa kwenu siku 19. Nilipiga simu nne. Tarehe 24 Mei nilikabidhiwa kikiwa na karatasi iliyoandikwa: "Kifaa kizima. Mteja aelekezwe matumizi. Atoe sauti kwenye kadi ya sauti, aingize tundu la mbele."

Ndugu Meneja, aliyeandika maneno hayo anauza vifaa asivyovijua. Sauti inayotoka kwenye kadi ya sauti ina nguvu nyingi kuliko sauti ya gitaa, na ukinzani wake ni mdogo, wakati tundu la mbele limetengenezwa kwa ajili ya gitaa. Ukiunganisha moja kwa moja, sauti inajaa na kuchanika. Ndiyo maana kikawepo kisanduku cha kuriampu: kinaishusha nguvu ile na kulinganisha ukinzani, kifaa kione kama gitaa limechomekwa. Na mimi kisanduku hicho nilikiazima kwa rafiki yangu wa Mwenge, nikapitisha traki ileile kwenye tundu la mbele la kifaa kilekile. Mipasuko haikuwepo. Kwa hiyo ubovu uko kwenye USB, kama nilivyosema tangu siku ya kwanza. Lakini kisanduku kilikuja na mvumo wa umeme wake, na mwenyewe alikihitaji kesho yake. Msinishauri nikinunue. Nilitoa karibu milioni nne ili nisikihitaji.

Juu ya hayo, fundi wenu alifuta mipangilio yangu yote ya sauti niliyoihifadhi ndani ya kifaa, bila kuniuliza. Ilikuwa sita. Mmoja nilikesha nao usiku tatu, nikitafuta ule mlio wa amplifaya ya vali, zile taa za kioo za zamani, wenye mwangwi wa springi, kwa ajili ya solo hii hii. Kwa hiyo pamoja na kifaa kipya nawadai shilingi 400,000, gharama ya siku mbili za studio ya watu niliyolazimika kukodi.

Narudi kwenye tarehe 5 Mei, kwa sababu kuna jambo sikulisema hapo juu, na nilikuwa nimeamua nisiliseme.

Fundi alipouliza mpigaji yuko wapi, mpigaji alikuwa dukani. Alikuwa amekaa kwenye benchi lenu la plastiki karibu na feni, mkono wa kushoto ameuweka mfukoni mwa koti. Ana miaka 71. Alikulia kwenye bendi za dansi, enzi zile bendi nzima inaingia studio za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, na kupiga wimbo pamoja mwanzo hadi mwisho. Hii solo aliipiga kwangu mwezi Februari. Kwanza alikataa, akasema hawezi kupiga bila kuisikia amplifaya. Nikamwomba, akavaa hedifoni, akaipiga mara tatu, na ya tatu ndiyo hiyo. Mwezi Machi vidole vya mkono ule vilimkatalia. Hawezi kuirudia. Ile sauti kavu ndiyo pekee iliyopo, na kuriampu ndiyo njia ya kuivalisha. Siku hiyo alikuwa amekuja mjini kliniki, akaniomba nimpitishe dukani asikie.

Akasikia sekunde chache. Solo yake ikalia kwenye spika zenu, watu wakageuka kusikiliza, hata kijana aliyekuwa akijaribu kinanda aliacha. Halafu: "Gitaa liko wapi? Mpigaji yuko wapi?" Wakacheka. Waya ukachomolewa katikati ya noti, spika zikatoa ule mshindo, kukawa kimya. Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa anatazama sakafu. Hakumjibu fundi. Alisimama taratibu, akaniambia, "Twende zetu, mwanangu," na mpaka kituoni hakusema neno jingine.

Kwa hiyo kifaa kipya sikitaki tena. Nataka fedha zangu zote, shilingi 3,850,000, pamoja na zile 400,000. Na siku 14 nilizotaja mwanzoni nazifuta: nawapa siku saba kuanzia mtakapoipokea barua hii. Nataka pia barua ya kumwomba radhi mzee, iwe na saini ya fundi yule na saini yako wewe Meneja.

Siku saba zikipita, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, nikiambatanisha risiti, karatasi ya fundi na rekodi mbili, iliyopita USB na iliyopita tundu la mbele, wasikilize wenyewe. Na mahakamani nitakwenda pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu, na mimi nilimweleza muuzaji wenu.

Kifaa kiko studioni kwangu Magomeni, ndani ya boksi lake. Sikileti tena kwenye kaunta ile. Mtakuja kukichukua wenyewe siku ya kuleta fedha. Barua ya mzee iletwe kwa mkono, na asipigiwe simu.

Mtayarishaji wa muziki,
Magomeni