Shemeji anataka kumtoa binti yangu shule ya kata, mwenyewe hataki

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro mjini na ni fundi cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma na kurudi, kwa hiyo mambo mengi ya watoto nayabeba mimi. Naandika kuhusu binti yetu wa pili. Mwezi uliopita amemaliza mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, na sasa kila ndugu ana neno juu ya shule anayosoma.

Anasoma sekondari ya kata ya hapa kwetu. Kaka mkubwa wa mume wangu ni mtumishi wa serikali Dodoma, na amejitolea kumlipia ada katika shule ya binafsi ya bweni, ya wasichana pekee, huko Kilimanjaro, kuanzia kidato cha tatu. Ada ni zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mwaka, bado godoro, sare, rimu za karatasi na nauli. Anataka jibu kabla ya Krismasi kwa sababu kuna usaili na nafasi zinajaa. Mume wangu nikimuuliza ananijibu, "Kaka ameshasema." Binti hataki hata kusikia. Nimebaki mimi.

Kwanza nimtendee haki shemeji. Si mtu wa majivuno, na ndiye aliyeishika familia hii baba yao alipofariki. Hofu yake ina chanzo. Mdogo wao wa mwisho alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Wanaokumbuka matokeo yaliyotangazwa Februari 2013 hawana haja ya kuelezwa: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka Serikali ikaamua yafutwe na kupangwa upya. Kijana wetu alikuwa shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa mbio mbio Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, ilipoagizwa kila kata iwe na sekondari yake. Madarasa yalisimama, walimu hawakutosha. Wengi wa waliopelekwa walikuwa wametoka kidato cha sita na kupewa mafunzo ya muda mfupi, watu wakawaita "voda fasta". Matokeo yalipopangwa upya, sifuri ya shemeji mdogo ikawa divisheni ya nne ya mwisho kabisa, haikumfikisha popote. Shemeji mkubwa akisikia "shule ya kata" anamwona yule mdogo wake, na mimi siwezi kumwambia asione alichokiona.

Ila hiyo ilikuwa shule nyingine, na miaka imepita.

Hii ya kwetu maoni juu yake hayakubaliani hata kidogo. Jirani yangu mwenye genge ananiambia pale mtoto anakwenda kukua tu, asizurure. Watoto wake wawili wamemaliza pale, wote wako nyumbani. Mama mwingine, tunasali pamoja, mwanawe alitoka shule hiyo hiyo na divisheni ya kwanza akachaguliwa sekondari ya Mzumbe kwa kidato cha tano. Ukimsikiliza huyu utadhani anasema shule nyingine kabisa. Na wote wawili wanasema kweli.

Matokeo ya Baraza la Mitihani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyafungua kwenye simu. Nimeyafungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Pale juu kuna kijijedwali cha divisheni, mstari mmoja wa wasichana, mmoja wa wavulana. Mstari wa wasichana wa shule yetu umejaa kwenye divisheni ya nne na sifuri, na waliopata ya kwanza na ya pili unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shemeji alinitumia picha ya mstari huo bila maneno yoyote. Binti yangu naye akaishika simu, akanionyesha majina ya hao wachache akasema, "Mama, hawa nawajua. Hawakuwa na kitu mimi sina."

Ni kweli anajitahidi. Darasani wako wengi mno, ila haondoki kwenye watatu wa kwanza. Anataka kuwa daktari, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, maana kidato cha tatu ndipo wanaochoka wanaiacha Fizikia na Kemia. Akiziacha, habari ya PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia wa kidato cha tano, imekwisha. Na shule yetu haina mwalimu wa Fizikia aliyeajiriwa. Anayefundisha ni kijana mhitimu wa chuo kikuu anayesubiri ajira, sisi wazazi tunachanga posho yake. Nimelifungua daftari la binti la Fizikia. Mwanzoni mwa mwaka kuna notsi chache alizonakili kwa rafiki, halafu kurasa tupu, kurasa tupu, kisha ghafla kazi inaanza: mada juu ya mada, mazoezi, tiki nyekundu na tarehe pembeni, na mahali pengine mwalimu ameandika afanye tena. Hapo ndipo yule kijana alipofika. Siku nilipokwenda kwenye kikao cha wazazi nilimkuta, kikao kimeshaanza, yuko na wanafunzi chini ya mwembe anawaelekeza hesabu za mwendo kwa kuwakimbiza kwenye uwanja na kuwapima kwa saa ya simu yake. Mwalimu kama huyo huko binafsi wangempata kwa bei gani? Lakini ajira zikitangazwa jina lake likawemo, ataondoka, na atapangiwa mkoa wowote. Sitamlaumu.

Maabara zipo. Mwaka 2014 na 2015, wakati wa Rais Kikwete, kila sekondari ya kata ilitakiwa iwe na maabara tatu, nasi tulichangishwa kaya kwa kaya. Moja ilikamilika. Nyingine ni darasa. Ya tatu ina kuta na paa, ndani wanahifadhi madawati mabovu. Hiyo iliyokamilika ina masinki mazuri yasiyo na maji, na kemikali hununuliwa mtihani ukikaribia. Binti anasema mpaka sasa amegusa darubini mara moja, wakiwa kundi kubwa, kila mmoja akichungulia na kumpisha mwenzake.

Kinachoniuma zaidi ni dharau. Tangu ada ya shilingi 20,000 ifutwe mwaka 2016, watu wameanza kuzisema shule hizi kama vile kisicholipiwa hakina maana. Mwanangu akikutana na binamu zake wa Dodoma wakati wa sikukuu anaulizwa, "Wewe unasoma pale pa bure?" Walimu wa pale wapo wanaobaki hadi jioni kuwafundisha watoto wa watu kwa mshahara ule ule. Mkuu wa shule ni mama ambaye mtoto asipofika siku mbili anampigia mzazi simu mwenyewe. Nami amenipigia, binti alipougua malaria. Sijui shule ngapi za milioni mbili wanafanya hivyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo shemeji akilisema nakosa jibu, nalo ni njia. Kutoka shule hadi nyumbani ni mwendo mrefu, na kwa kuwa wana masomo ya ziada, binti anafika giza limeshaanza kuingia. Pale njia panda kuna kijiwe cha bodaboda. Wanawaita wasichana kwa majina, wanawapa lifti, wanawanunulia chipsi. Mwaka huu wasichana wawili wa kidato cha tatu wameacha shule, na mtaa mzima unajua kwa nini. Najua tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na nashukuru kwa ajili yao. Wangu sitaki afike huko. Tumejaribu kuwapanga watoto wa mtaa wetu watembee kundi moja, na kwa sasa inasaidia, ila wenzake wawili katika kundi hilo wanamaliza kidato cha nne mwakani. Bweni lingeondoa hofu hii yote kwa siku moja, na nakuambia ukweli, kuna usiku nalala nikiwa nimeshakubali.

Asubuhi nakumbuka mengine. Shemeji anastaafu mwaka kesho kutwa. Ada ya kidato cha tatu atalipa, sina shaka. Ya kidato cha nne atailipa kwa nini, pensheni? Ana watoto wake chuoni. Nikimuuliza mume wangu, anasema Mungu atafungua njia. Mtoto akishasajiliwa huko kwa mtihani wa taifa, ada ikakwama, sisi tutaitoa wapi? Kwa lori lisilo lake na cherehani moja?

Na kuna neno alilolisema binti mwenyewe ambalo limenikaa. Alisema akienda kule atakuwa mtoto wa baba mkubwa. Akifeli atasemwa kuwa amechezea hela za watu, akifaulu atasemwa kuwa ni kwa sababu ya hela za watu. Ana miaka kumi na tano. Nilimwambia asimseme mkubwa hivyo, lakini sikuwa na la kumpinga.

Nilimpigia shemeji nikamwomba jambo la katikati. Badala ya ada yote ile, atoe sehemu ndogo tu: tumlipe yule kijana wa Fizikia masomo ya likizo kwa binti na wenzake, tununue vitabu na taa ya sola, na ibaki ya nauli ya jioni. Akanijibu kwa upole, lakini akakataa. "Shemeji, shule ya serikali ni kazi ya Serikali. Mimi namsaidia mtoto wetu, sisaidii kata." Mama mkwe naye anasema nikikataa msaada wa kaka mtu, siku nyingine nisiende kuomba hata panadol.

Mshauri, naomba unisaidie, wewe na wasomaji mliopita njia hii, hasa mliomhamisha mtoto akiingia kidato cha tatu. Huwa anatulia na kusoma, au mwaka unaishia kwenye kuzoea? Mliosoma sayansi shule za kata na mkafika mlikotaka, mlifanyaje pale mwalimu alipokuwa hayupo? Na je, nisubiri matokeo ya upimaji ya Januari ndipo niamue, hata kama nafasi ile itapotea?

La mwisho ni la kifamilia. Kama nitaamua abaki, nani amwambie shemeji? Nikisema mimi, nitaonekana mke niliyekataa wema wa ukoo. Mume wangu hajawahi kumpinga kaka yake katika miaka yote niliyomjua. Nifanye nini ili aseme yeye, aseme kwa heshima, na kaka yake asitukunjie uso siku tutakapomhitaji? Anarudi kutoka Tunduma Jumamosi, nataka niongee naye kabla hajampigia simu Dodoma.

Mama N.,
Morogoro