Somo, usiuze pikipiki, legeza usukani kwanza

Somo, salama lakini? Mi mzima, mama naye mzima na anakusalimia sana, anauliza lini unakuja Tanga maana kila Idi unasema nakuja afu kimya.

Nimeisikiliza voisi yako mara mbili jana usiku, ile unasema ukifika Kerege tu vidole vinakufa ganzi na ukifika Bunju unashindwa hata kuhesabu chenji, afu mwisho unasema bora uiuze. Usiuze. Yani kabla hujampigia dalali nisikilize kwanza, maana maumivu hayo hayo mi nimeishi nayo miezi minne na pikipiki haikua na ubovu wowote, tatizo usukani ulikua umekaa vile vile ulivyotoka dukani, na dukani hakuna mtu aliepima mikono yako.

Si unakumbuka nilivyoanza kupeleka samaki Muheza. Saa kumi na moja alfajiri niko Deep Sea pale soko la samaki, tenga limefungwa nyuma, napita Kange, napita Pongwe, mpaka Muheza ni kilomita 30 na kitu, sio mbali ile. Ila nikifika Pongwe kidole kidogo na cha pete sivisikii tena, kiganja kinawaka moto, mabega yamenipanda mpaka masikioni, nafika Muheza fundo la kamba ya tenga nalifungua kwa meno. Nikasema huu mtetemo wa injini. Nikanunua gripu laini, nikanunua na glavu nene, glavu ndo zikazidisha maana kitu kikiwa kinene mkononi unakikamata kwa nguvu zaidi bila kujua.

Alienitoa hapo ni fundi mmoja mtu mzima yuko Ngamiani. Hakushika hata spana. Akaniambia panda, kaa kama unavyokaa ukiwa na mzigo, fumba macho, nyoosha mikono kama unapokea sinia. Nikanyoosha. Akasema haya fumbua. Somo, mikono yangu ilikua hewani, upana wa vidole vinne juu ya gripu na imerudi kwa huku kwangu, kumbe kila siku naufuata usukani mbele, nauinamia, uzito wote wa kifua naumwaga kwenye viganja. Na pale kwenye kiganja upande wa kidole kidogo kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na ngozi, ukiukandamiza saa nzima lazima ganzi ije, na huo ndo unaopeleka fahamu kwenye vile vidole viwili.

Kwaiyo jaribu hivyo hivyo kwanza, fumba macho nyoosha mikono. Mikono ikitua mbali na gripu, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali pa sawa. Pale katikati utaona vibano viwili vimeukamata usukani, kila kimoja kina bolti mbili, zingine zinataka spana namba 12 zingine alenki, ile ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti, angalia ya kwako. Kabla hujagusa kitu weka alama, chukua hata rangi ya kucha ya shemeji, piga mstari toka kwenye kibano mpaka kwenye usukani ili ukikosea ujue pa kurudi. Afu legeza zote nne, usizitoe, usukani ukianza kuzunguka kwa mkono inatosha, uvute kuja kwako. Kidogo! Ule mstari ukiachana milimita 3 tu pale katikati, huku kwenye gripu umeshasogea pakubwa. Ukiuvuta kupita kiasi viwiko vinabana mbavu, kiganja kinapinda, na ukikata kona mpaka mwisho unagonga tangi. Kukaza kaza kwa zamu, huku kidogo kule kidogo, na usitie bomba kwenye spana kujiongezea nguvu, uzi wa chini pale ukishaliwa ni hasara nyingine.

Halafu watu wengi wanaishia hapo, wanasahau mkono wa klachi na wa breki. Ukizungusha usukani na yenyewe imezunguka. Kaa, weka vidole juu yake, ukitazama toka kiwiko mpaka ncha ya vidole iwe mstari mmoja ulionyooka, kifundo kisipinde juu wala chini. Mi hii peke yake ilinipa nafuu kuliko glavu zote mbili.

Na hapa nisikie vizuri somo. Baada ya nafuu hiyo nikatamani zaidi, nikaenda gereji moja wakanifungia usukani mrefu, wakanambia tayari, nikalipa. Waya zilikua zile zile fupi. Kesho yake alfajiri nakata kona na mzigo, usukani ulivyoenda kushoto waya wa mafuta ukavutika wenyewe, pikipiki ikanguruma na kuruka mbele mi mkono wangu sijauzungusha kabisa! Nikabana klachi, nikaingia kwenye majani, tenga likapinduka, changu wamelala barabarani na mi natetemeka hata kuwaokota siwezi. Nashukuru Mungu hakukua na gari nyuma. Kwaiyo ukishakaza kila kitu, washa, weka niutro, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, sikiliza. Muungurumo ukipanda hata kidogo, usitoke. Angalia na mpira wa breki usijikunje wala kuvutika, na mkono wa klachi uwe na ule mchezo wa sentimita 1 mpaka 2 kwenye ncha kabla haujaanza kushika, ukikosa mchezo unaunguza klachi.

Kingine we unabeba abiria. Abiria akikaa anakusogeza mbele, na nyuma shokapu zinazama, kwaiyo mkao wa peke yako sio mkao wa kazini. Mkalishe shemeji nyuma wakati unapima.

Ila kama ganzi inakuja mpaka usiku umelala, hiyo usimalizie kwa spana, nenda hospitali.

Ukimaliza nitumie picha, mtu akupige kwa ubavuni ukiwa umekaa, nione kiwiko chako. Na nambie Jumamosi ulivyofika Bunju, vidole vipo au havipo.

Somo wako,
Tanga