Adhabu ipimwe kwa kitendo, si kwa jina la chama

Mhariri,

Sheria ya Marekani ya kukomesha mateso wanayopewa wanafunzi wa vyuo wanapoingizwa chamani, iliyotiwa saini Desemba 2024, inasifiwa kwamba inawagusa wote: vyama vya udugu na vya udada vyenye majina ya herufi za Kigiriki, timu za michezo, bendi, hata serikali za wanafunzi. Ukiisoma vizuri utaukuta mlango wa nyuma. Ripoti ambayo chuo kinalazimika kuiweka kwenye tovuti yake hutaja tu vyama vinavyotambuliwa na chuo chenyewe, tena vile tu vilivyokutwa na hatia. Tawi la chama likishafutwa na chuo, wanachama wakapanga nyumba mtaani na kuendelea kuwalewesha wanachama wapya, hawataonekana tena humo.

Halafu kuna adhabu yenyewe. Tawi kufungiwa na chuo, tuseme miaka minne, si adhabu moja kwa wote. Tawi lenye jumba linalomilikiwa na wahitimu wake husubiri tu. Jumba lipo, fedha zipo, na wakili yupo. Tawi dogo lisilo na nyumba, kama yalivyo mengi ya vyama tisa vya udugu na udada vya Wamarekani Weusi, hufa, kwa kuwa wote waliokuwamo watakuwa wamehitimu. Vyama hivyo vilifuta rasmi kipindi cha majaribio cha wanaoomba kujiunga mwaka 1990. Kilichofuata ni kwamba vipigo vilihamia usiku, mahali pasipo na msimamizi, maana kwenye makaratasi havipo.

Mahakamani nako, Florida iliwafunga vijana wawili wa Kappa Alpha Psi, kimojawapo cha vyama hivyo tisa, miaka miwili kila mmoja mwaka 2007 kwa kumchapa bakora mwenzao aliyetaka kujiunga. Aliumia, lakini alipona. Kwa kifo cha mwanafunzi Timothy Piazza, aliyeleweshwa alipokuwa akijiunga na Beta Theta Pi, chama kisicho miongoni mwa vile tisa, katika jumba lake huko Pennsylvania mwaka 2017, viongozi wawili wa tawi walipewa kifungo cha miezi miwili hadi minne mwaka 2024. Majimbo ni tofauti na sheria ni tofauti, sawa, lakini anayelinganisha hawezi kulaumiwa.

Vyuo viwe na jedwali moja la adhabu linalotazama kitendo: pombe kiasi gani, kipigo, kunyimwa usingizi, na zaidi ya yote saa ngapi zilipita kabla ya kuita msaada. Piazza alianguka usiku. Gari la wagonjwa liliitwa asubuhi.

Mzazi wa huku anayempeleka mwana huko aifungue ripoti hiyo na kusoma tarehe nne: ya tukio, ya uchunguzi kuanza, ya uchunguzi kwisha, na ya chama kujulishwa. Alinganishe vyama viwili vilivyofanya kosa lile lile. Na kama hakuna timu hata moja ya michezo iliyotajwa, aiulize ofisi ya nidhamu: malalamiko dhidi ya timu hupokelewa na nani, ofisi hiyo au kocha?

Msomaji wenu